Pua ya Daktari Rutter

Kila homa ya uzazi inapotajwa, watu hukimbilia Vienna mwaka 1847, daktari Semmelweis alipowaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vya kina mama vikashuka. Kisa hicho ni cha kweli, ila kimetuzoesha kuamini kwamba daktari akishanawa, mgonjwa yu salama. Miaka michache kabla ya hapo, huko Philadelphia, Marekani, kina mama waliozalishwa na Daktari Rutter waliugua mmoja baada ya mwingine, ilhali madaktari wenzake mjini humohumo hawakuwa na balaa la namna hiyo. Rutter alioga, akanyoa nywele, akabadili nguo zote, hata akaondoka mjini kwa siku kadhaa. Aliporejea, ugonjwa ukarejea naye. Waandishi wa tiba waliokuja baadaye walieleza kwamba alikuwa na maradhi sugu ya pua, ambayo huenda ndiyo yaliyoeneza ugonjwa. Kwa hiyo usafi peke yake haukutosha. Mwili wa daktari wenyewe ulipaswa kuchunguzwa. Ushahidi ulikuja taratibu. Mwaka 1897 mtafiti Flügge alionyesha kuwa matone ya mate hubeba vijidudu, na mpasuaji Mikulicz akaanza kupasua akiwa amefunika mdomo. Miaka ya 1930, jijini London, mtafiti Dora Colebrook alilinganisha bakteria za kina mama wagonjwa na zile za kooni mwa wahudumu wao, akakuta mara nyingi ni zilezile.

Wapo watakaosema kwamba vijidudu vingi vya vidonda vya upasuaji hutoka kwenye ngozi na matumbo ya mgonjwa mwenyewe. Ni kweli, lakini hilo halimwondoi daktari miongoni mwa vyanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Los Angeles, mpasuaji mmoja mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B aliwaambukiza wagonjwa 19, na wachunguzi hawakuona uzembe wowote katika kazi yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba madaktari wakilazimishwa kuchunguzwa wataficha maradhi yao. Hapo historia inawaunga mkono wapingaji: mwaka 1795 daktari Alexander Gordon wa Aberdeen alikiri kwa maandishi kwamba yeye mwenyewe aliwapelekea wanawake wengi homa ya uzazi, na wenyeji wakamchukia. Basi kosa liko katika kuadhibu ukweli, si katika kuchunguza madaktari. Kwa hiyo wasimamizi wa hospitali waandike katika kanuni zao kwamba mpasuaji mwenye maambukizi, hata jipu tu kidoleni, atapumzishwa kwa mshahara kamili mpaka apone.