Mafuta ya Bure Yaliyoua Watu Zaidi ya 100 Morogoro: Sisi wa Chapwa Tumejifunza Nini?

Leo umbea wa mastaa tuuweke pembeni kidogo, nina stori ya historia inayotuhusu kabisa.

Kila siku hapa Chapwa tunapita katikati ya malori. Foleni ya kwenda boda ya Tunduma ikikaza, matenki ya mafuta yanayoenda Zambia na Kongo yanasimama karibu na nyumba za watu, na mama ntilie anapika hatua chache tu kutoka kwenye tairi. Tumeshazoea, hatuoni hatari tena.

Turudi nyuma. Jumamosi asubuhi, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro, kwenye barabara kuu hii hii inayotoka Dar mpaka kwetu. Petroli ikaanza kumwagika. Watu wakakimbilia na madumu na ndoo, bodaboda wakaja na pikipiki zao, wengine walikuja kushangaa tu. Ghafla, moto. Ukijumlisha na waliofia hospitalini, waliofariki walizidi 100. Baadhi ya majeruhi walikimbizwa mpaka Muhimbili, na Rais Magufuli akatangaza siku 3 za maombolezo.

Sababu ilikuwa nini? Wengi watakwambia "tamaa". Tamaa ilikuwepo, sikatai, lakini ukiishia hapo hujajifunza kitu. Kijana anayeshinda juani akitafuta elfu kumi, akiona petroli inamwagika bure, anaona hela. Njaa inamsogeza, na kutojua kunammaliza.

Hapa ndipo wengi tunakosea: tunadhani petroli inawaka pale ilipomwagika tu. Kinachowaka hasa ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini chini bila kuonekana, unaingia mtaroni na kufika mbali na lori. Cheche ya betri, pikipiki inayopigwa kiki, sigara, jiko la mkaa, chochote kati ya hivyo kinatosha. Ndio maana hata aliyesimama pembeni anapiga picha anaweza kuungua.

Na haikuwa mara ya kwanza Afrika Mashariki. Sachangwan, Kenya, 31 Januari 2009, walikufa zaidi ya 100 kwa staili ile ile. Sange, Kongo, 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa kwenye vibanda wanaangalia Kombe la Dunia. Hao hawakushika dumu lolote. Sasa hiyo tamaa yao ilikuwa ipi?

Moto ukizimika, hasara inabaki. Mtoto anakosa ada, mke anabaki na mkopo wa pikipiki iliyoungua, aliyepona anaishi na makovu.

Juzi kati lori liliacha njia karibu na kijiwe chetu. Watu walianza kukimbilia kabla hata hawajajua limebeba nini. Bahati nzuri ilikuwa saruji. Nawaambia ukweli, na mimi nilikuwa nakimbia nao, simu mkononi.

Kwa hiyo tukubaliane. Tenki likianguka, kimbia upande upepo unakotoka, usiwashe pikipiki, mwambie mama ntilie azime jiko kama bado kuna muda, halafu ukiwa mbali piga 114, Zimamoto. Picha tutaziona kwa wengine.