Kupanda Mlima Kilimanjaro: Majira Yanayofaa na Vifaa vya Lazima

Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, hupandwa kwa miguu kupitia njia zake za kawaida bila kuhitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Hali hiyo huwafanya baadhi ya wapandaji kuuchukulia kama matembezi ya kawaida. Hata hivyo, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mtu aliyeondoka Moshi akiwa na shati jepesi hukutana kileleni na baridi inayoweza kufikia nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa tarehe na wa vifaa ni suala la usalama wa maisha.

Majira ya kupanda

Vipindi viwili ndivyo vinavyofaa zaidi. Cha kwanza ni Januari na Februari, ambapo mvua hupungua na baridi si kali sana. Cha pili ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba; anga huwa kavu, lakini usiku wa Juni hadi Agosti huwa na baridi kali zaidi. Katika kipindi hicho cha ukame wapandaji wanapaswa kujihadhari na moto: Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la uoto wa mlima huo.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, hulowesha njia za msituni na kuleta theluji sehemu za juu. Mvua za vuli hunyesha Novemba na Desemba. Ikumbukwe kwamba maadhimisho ya Uhuru, Desemba 9, ambayo huwavutia Watanzania wengi kupanda mlima ambao Mwenge uliwashwa kileleni mwake mwaka 1961, huangukia katika vuli. Anayechagua tarehe hiyo ajiandae kwa mvua. Njia ya Rongai, iliyo upande wa kaskazini, kwa kawaida hupata mvua kidogo kuliko njia za kusini.

Idadi ya siku

Njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, huweza kukamilishwa kwa siku tano. Siku ya sita, inayotumika kupumzika Horombo, huupa mwili nafasi ya kuzoea upungufu wa hewa. Kileleni, oksijeni inayopatikana katika kila pumzi ni takriban nusu ya ile ya pwani. Mwenye nafasi ya kuongeza siku asisite kufanya hivyo.

Vifaa vya kubeba

Mavazi yavaliwe kwa tabaka: fulana isiyoshika jasho, sweta zito, kisha koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Nguo za pamba hazifai kuvaliwa ndani, kwani zikilowa hukauka polepole na kuupoza mwili. Mpandaji anahitaji pia:

• viatu imara vilivyokwisha kuzoea mguu, na soksi za sufu;
• kofia ya sufu na glavu nzito;
• mfuko wa kulalia wa baridi kali, hata kwa anayelala vibandani;
• tochi ya kichwani na betri za akiba, kwa kuwa safari ya kilele huanza usiku wa manane;
• miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi;
• chupa za maji, ambazo usiku wa kilele zihifadhiwe ndani ya koti zisigande;
• dawa binafsi.

Mzigo wa mpagazi una kikomo cha uzito na hupimwa langoni; kila kisicho cha lazima kiachwe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Dalili za hatari

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za awali za ugonjwa wa kimo, na anayezipata hapaswi kuendelea kupanda hadi zitakapotulia. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kikohozi chenye povu au kukosa pumzi hata wakati wa kupumzika humlazimu mgonjwa kuteremshwa mara moja, hata kama ni usiku. Wapandaji wanashauriwa kumweleza kiongozi wao kila dalili bila kuficha na kutii agizo la kurudi. Kilele hakihami, na aliyerudi salama anaweza kukiendea tena.