Pembe Zilizouzwa Dola 3 Zikaja Kuwa Rekodi ya Dunia: Mchezo Wote Uko Kwenye Makato

Kama umewahi kuajiriwa, unayajua maumivu ya mwisho wa mwezi. Juu ya karatasi kuna gross imekaa kibosi, chini kuna net imenyong'onyea, katikati makato yamepita na chake. Sasa huko Marekani kuna wawindaji wanaolia kilio hichohicho kila msimu. Tofauti ni moja tu: wao wanakatwa kwenye pembe.

Kwanza ieleweke ni mnyama gani. Siyo kulungu wa misitu ya Afrika Mashariki, huyo ni ndugu wa swala na pembe zake hazidondoki. Hawa ni kulungu wa Ulaya na Marekani. Dume anaota pembe za mfupa zenye matawi, zinadondoka kila mwaka, halafu zinaota mpya. Kwa wawindaji wa huko, pembe kubwa ni heshima, ni ubishi wa baa, na siku hizi ni mkwanja mrefu.

Swali ni hili: unajuaje zipi ni kubwa? Mwaka 1892, mkaushaji wanyama mmoja maarufu wa London, Rowland Ward, alianza kuchapisha vitabu vya vipimo vya wanyama wa dunia nzima, wa Afrika Mashariki wakiwemo. Hesabu ilikuwa nyepesi: pembe ndefu ndiyo inakaa juu ya orodha. Lakini pembe inaweza kuwa ndefu na nyembamba kama fimbo ya mchungaji, wakati nyingine ni fupi kidogo ila nene na imejaa matawi. Nani mkali hapo?

Novemba 1914, kijana mmoja wa miaka 22 huko Wisconsin aliangusha dume la mkia mweupe lenye kichwa cha kutisha. Akakipeleka kwa fundi wa kukausha wanyama. Fundi akahama mji na kichwa cha watu. Kijana akakisubiri mpaka akakata tamaa. Wakati ule hakuna aliyeona kuna hasara kubwa, kwa sababu hakukuwa na fomula ya kumwambia alichopoteza.

Fomula ikaja 1950. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa 1887 na kundi la Theodore Roosevelt kabla hajawa rais, iliunda kamati. Ndani yake alikuwemo mpiga picha za matangazo wa New York, mtu ambaye jicho lake lilipenda vitu vilivyolingana. Wakakubaliana: pima urefu wa shina kila upande, urefu wa matawi, unene sehemu nne kila upande, na nafasi kati ya mashina mawili. Jumlisha. Kipimo kinaenda hadi moja ya nane ya inchi, na pembe lazima zikauke siku 60 kwanza.

Halafu sasa yanakuja makato. Tawi la kushoto likiwa inchi 10 na mwenzake wa kulia inchi 7, unajumlisha 17, kisha unakatwa ile tofauti ya 3. Unabaki na 14. Angalia vizuri: 14 ni 7 mara mbili. Yaani lile tawi refu limehesabiwa kama fupi, zile inchi 3 za ziada ni kama hazikuota kabisa.

Mwaka 1958, kule Minnesota, jamaa mmoja alinunua pembe chakavu kwenye uuzaji wa vitu vya mitumba. Bei: dola 3. Baadaye akazipima kwa fomula mpya, akapigwa na butwaa. Zilikuwa nene, ndefu, na zimelingana kushoto na kulia kiasi kwamba makato hayakuwa na pa kushika. Mwaka 1971 klabu ikazitangaza rekodi ya dunia: pointi 206 na moja ya nane. Kwenye nafasi ya jina la mwindaji ikaandikwa kwamba hajulikani.

Ila alikuwepo. Yule kijana wa 1914, sasa mzee, alikuwa ameshaziona miaka ya 1960 na kuzitambua. Alipigania jina lake miaka mingi. Klabu ilikubali Desemba 1978. Mzee alikuwa amefariki Oktoba. Watu waliopima pembe hadi moja ya nane ya inchi walishindwa kwa miaka saba kuandika jina la mwenyewe.

Rekodi ile ilivunjwa na dume la Canada la mwaka 1993, pointi 213 na tano ya nane. Lakini ugomvi wa makato haujaisha. Wawindaji wana msemo wao: net ni za samaki. Wanacheza na neno, maana net ni nyavu na ni hesabu baada ya makato. Wanachosema ni kwamba alichoota mnyama ahesabiwe chote.

Ndipo zikaja njia mbadala. Safari Club International haikati kwa kutolingana. Buckmasters nao wanahesabu kila tawi, lakini nafasi kati ya mashina wameitoa kwenye alama, kwa hoja kwamba ile ni hewa, siyo pembe. Ulaya ndiyo wameenda mbali zaidi. Kwa kulungu mwekundu, fomula iliyoanzia kwa mkurugenzi mmoja wa bustani ya wanyama ya Budapest inaweka pembe kwenye mizani, kila kilo pointi 2, kisha waamuzi wanaongeza alama za urembo: rangi hadi 2, taji la juu hadi 10. Kulungu mdogo wa huko, pembe zake zinazamishwa kwenye maji ili kujua ujazo.

Kwa hiyo pembe zilezile zinaweza kuwa mfalme New York na mtu wa kawaida Budapest. Futikamba haidanganyi, ila kuna mtu aliyeamua ipite wapi na isipite wapi.

Wewe je, dume lenye tawi moja refu kuliko mwenzake, ungemkata au ungempa chake chote?