Redio ya Darasa la Watu Wazima

Kila inapozungumzwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, hutajwa vyoo vilivyochimbwa, na watu wapatao milioni 2 waliojiunga na vikundi vya kusikiliza redio kwa majuma 12. Ni haki vitajwe. Lakini mimi niliyekuwa kiongozi wa kikundi katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, upande wa Magu, nikisikia jina hilo humkumbuka kwanza fundi redio wa Makoroboi, mjini Mwanza.

Nilikuwa mwalimu kijana, sina muda mrefu tangu nitoke chuoni. Tulikusanyika chini ya mwembe, redio ya betri juu ya kiti, waya wa eria umefungwa tawini. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitoa somo, kisha tukasoma kitabu na kujadiliana: malaria, minyoo, kuhara damu, kifua kikuu, na kichocho, ambacho sisi watu wa ziwa hatukuhitaji kuelezwa dalili zake. Siku ya somo hilo hasa, redio ikanyamaza.

Nikasoma kitabuni habari za konokono na za watoto waogao ziwani. Mzee mmoja mvuvi, ambaye mjukuu wake alikuwa akikojoa damu, alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, “Mwalimu, hayo ni maneno yako au ya redio?”

Swali lile lilinichoma. Kesho yake nikapanda basi, redio nimeipakata kama mgonjwa.

Fundi aliifungua mbele yangu. Betri zilikuwa zimevuja, na maji yake yamekula vyuma vya kuzishikia pamoja na waya mmoja. Akakwangua kutu kwa wembe, akakata kipande cha kopo la maziwa, akakilehemu kwa pasi iliyopashwa moto kwenye jiko la mkaa. “Haijafa, mwalimu,” akasema. “Imekosa njia tu.” Juma lililofuata tulisikiliza tena, na yule mzee akampeleka mjukuu zahanati. Kama ni kwa sababu ya redio au kwa kusukumwa na mama wa mtoto, sikuuliza.

Katika taarifa za kampeni nilizopata kusoma, mafundi hawa hawamo. Ajabu, kwa sababu kikundi bila redio kilibaki na kijana kama mimi na kitabu chake.

Kazi yao ilikuja kuwa ngumu zaidi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 fedha za kigeni zilikuwa haba, na vipuri vikaadimika. Betri zilizokwisha tulizianika juani zipate kusema saa moja zaidi. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Kabla ya hapo fundi alitibu redio kwa viungo vya redio nyingine.

Mwaka 1982 nilimpelekea mbili kwa pamoja: ile ya kikundi, ambayo spika yake ilitafunwa na mende, na yangu ya nyumbani, iliyoungua transista. Alizipima zote.

“Hapa nina redio moja, mwalimu. Ipi ipone?”

Nikamwambia atoe spika ya yangu. Akaweka bisibisi chini, akanitazama.

“Mama watoto anajua?”