Kuhama na Siku Zetu: Historia Fupi ya Kalenda na Haki ya Kuondoka

Mtu anayehamisha matukio yake kutoka kalenda moja ya kidijitali kwenda nyingine hupakua faili, akalipakia kwingine, akaendelea na shughuli zake. Wepesi huo unaficha historia ndefu. Kalenda haijawahi kuwa jedwali la tarehe tu. Ndani yake hukutana madeni, ibada, vikao na amri za wakubwa. Kwa hiyo, nani anaweza kuihama, na kwa masharti gani, ni swali la kisiasa kabla ya kuwa la kiufundi.

Uingereza ilikabiliana nalo muda mrefu kabla ya kompyuta. Ilipoachana na kalenda ya Julius na kufuata ile ya Papa Gregori, Jumatano tarehe 2 Septemba 1752 ilifuatwa na Alhamisi tarehe 14. Siku 11 zilitoweka katika karatasi, lakini maisha hayakurukwa. Je, mpangaji alipe kodi ya siku ambazo hakuziishi? Bunge lilikuwa limekwisha kuliona jambo hilo. Sheria ilielekeza kwamba sikukuu zisizohama zibaki na tarehe zake za majina, ila madeni, kodi na mikataba isiharakishwe. Kila moja isubiri idadi ya siku iliyokusudiwa tangu awali. Hata kijana aliyekaribia kutimiza miaka 21 hakuruhusiwa kuvuka umri huo mapema kwa hisani ya kalenda mpya. Watunga sheria walitambua kwamba kuna matukio yanayoshikamana na jina la siku, na mengine yanayoshikamana na hesabu ya siku. Atakayeyahamisha yote kwa kipimo kimoja atamdhulumu mtu.

Tatizo hilo lilirejea kwa sura nyingine katika miaka ya 1990. Programu za ofisini zilihifadhi miadi kila moja kwa namna yake, na taasisi iliyochagua programu moja ilijikuta imeifungia kumbukumbu yake humo. Mwaka 1996 umoja wa kampuni za Apple, AT&T, IBM na Siemens ulitoa mpangilio wa pamoja ulioitwa vCalendar. Novemba 1998 chombo kinachosimamia viwango vya intaneti, IETF, kilichapisha mrithi wake, iCalendar. Waandishi wake wawili walitoka Lotus na Microsoft, kampuni zilizokuwa zikigombea soko lilelile. Tusiwapambe kwa sifa za utakatifu. Kila upande ulikuwa na wateja waliohitaji kualikana vikaoni. Hata hivyo, matunda ya makubaliano hayo tunayala hadi leo: faili la maandishi ya kawaida, lenye kiambishi cha ics, ambalo karibu kila kalenda hulisoma. Kiwango hicho kilirekebishwa Septemba 2009.

Ndani ya faili hilo kila tukio hupewa kitambulisho chake, ili likipakiwa mara mbili lijulikane kuwa ni lilelile. Kikao cha kila wiki hakiandikwi mara 52. Huandikwa mara moja pamoja na kanuni ya kujirudia. Saa nayo huweza kufungwa kwenye eneo fulani la dunia, na hapo ndipo busara ya mwaka 1752 inapodaiwa tena. Chukua kikao kinachofanyika London kila Jumatatu saa nne asubuhi. Majira ya baridi, mshiriki aliyeko Nairobi hukihudhuria saa saba mchana. London ikisogeza saa zake mwishoni mwa Machi, hukihudhuria saa sita. Uhamisho ukipoteza jina la eneo na kubakiza tofauti ya saa pekee, kalenda mpya itamwita saa saba mwaka mzima. Atachelewa, wala hatajua nani wa kumlaumu.

Ndiyo maana wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kalenda ya zamani isifutwe kabla ya kukagua matukio yanayojirudia, vikao vyenye washiriki wa nchi za mbali, na mialiko ambayo mmiliki wake ni mtu mwingine.

Lakini kiwango peke yake hakimlindi mnyonge, kwani kampuni inaweza kukijua na bado ikauficha mlango wa kutokea. Kwa sababu hiyo sheria zimeingilia kati. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inatamka katika ibara ya 20 haki ya mtu kuhama na data zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitambua haki hiyo katika kifungu cha 38.

Haki hizo humlinda mtu binafsi. Taasisi za umma lazima zijilinde zenyewe kwa mikataba. Tarehe za kesi mahakamani, ratiba za chanjo na vikao vya halmashauri sasa vimo katika mifumo ya kukodi. Siku mkataba utakapokwisha, je, mwananchi aliyepangiwa kusikilizwa ataikuta siku yake? Bunge la Uingereza lilijiuliza swali la namna hiyo kabla ya kuzifuta siku 11. Wanaotia saini kwa niaba yetu wanapaswa kuuliza mapema vilevile, wakati bado wana nguvu ya kukataa.