Kongamano na Mtafuta Kazi: Historia Inatufundisha Nini?

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii hutajwa na wanafunzi wetu kila tangazo la kongamano linapobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wenzao huwajibu kwamba ada ya ushiriki, nauli na malazi ni fedha ambazo mhitimu asiye na kazi angelipia kodi ya chumba hapa Kansanga. Pande zote mbili zina hoja. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kurejea historia, kwa sababu makongamano mawili makubwa, moja la Mombasa na jingine la hapa Kampala, yaliamua kwa kiasi kikubwa nani angepata kazi ya lugha na ya uandishi katika Afrika Mashariki, na nani angekosa.

Mombasa, 1928

Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, na miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa ni haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha kufundishia shuleni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, ukafanyika mkutano mwingine Mombasa, ambao mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof pia aliuhudhuria. Mvutano ulikuwa kati ya Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye hazina kubwa ya ushairi, na Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja iliyokuwa imeenea bara kwa njia za biashara. Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Ndiyo kamati ambayo mwaka 1964 iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam.

Tuutazame uamuzi ule kwa jicho la mtafuta kazi. Baada ya 1930 vitabu vya shule vilipaswa kufuata tahajia na sarufi ya Kamati, na miswada ikapelekwa kwake ikaguliwe. Kukawa na kazi ya kuhariri, ya kutafsiri, ya kutunga vitabu vya kiada na ya kutayarisha kamusi. Kamusi sanifu za Johnson zilitoka mwaka 1939. Kazi hizo zote zilitokana na mkutano wa 1928, lakini hakuna aliyeajiriwa ukumbini. Mkutano ulitengeneza nafasi, nazo zikajazwa baadaye na watu waliojulikana kwa waliokuwa wamekaa mezani. Mwanzoni wajumbe wa Kamati walikuwa Wazungu watupu. Waafrika waliingizwa baadaye sana. Mshairi wa Mombasa aliyekijua Kimvita kuliko mtu yeyote hakuwa na mahali pa kusemea, na kalamu yake ikajikuta haifai vitabu vya shule.

Uganda nayo ina kisa chake. Gavana William Gowers alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa na maaskofu walipinga. Ilipofika 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni nchini Uganda, isipokuwa katika shule za polisi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwaka huohuo makao ya Kamati yalihamia Makerere, yakakaa huko miaka kumi. Watafiti wakubwa wa Kiswahili, akiwemo Wilfred Whiteley, walifanya kazi zao Kampala, mji ambao shule zake hazikumhitaji mwalimu wa Kiswahili. Kijana wa Kampala angeweza kupanda kilima cha Makerere akasikiliza wataalamu kila wiki, na bado asipate ajira ya kufundisha somo hilo, kwa kuwa sera ilikuwa imeufunga mlango. Kongamano haliwezi kumpa mtu kazi ambayo sera imeifuta.

Makerere, 1962

Kisa cha pili kinawahusu vijana moja kwa moja. Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere. Walikuwepo Chinua Achebe na Wole Soyinka kutoka Nigeria, na Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini. Miongoni mwa wenyeji alikuwepo mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Alikuwa na hadithi fupi chache tu zilizochapishwa.

Ngũgĩ hakwenda mikono mitupu. Alikuwa na mswada wa riwaya, akampa Achebe ausome. Achebe aliusoma, akamshauri, kisha akaufikisha kwa wachapishaji wa Heinemann, ambao mwaka huohuo walikuwa wakianzisha mfululizo wao wa waandishi wa Kiafrika. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964, na The River Between ikafuata 1965. Grace Ogot wa Kenya, aliyesomea uuguzi hapa Uganda, naye alihudhuria. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa 1966.

Wengi hukitaja kisa hiki kama ushahidi kwamba makongamano yanalipa. Ni kweli, lakini tukisome vizuri. Kwanza, mwanafunzi yule hakulipa nauli ya mbali wala malazi, kwani kongamano lilimfuata chuoni kwake. Pili, hakuomba kazi. Aliomba kazi yake isomwe. Mkono mtupu haulambwi. Tatu, alimpata mtu aliyekuwa na njia ya kufika kwa mchapishaji, na mchapishaji huyo alikuwa akitafuta miswada wakati huohuo. Angekwenda na bahasha ya vyeti peke yake, huenda angeishia kupiga picha na wageni.

Upande wa pili wa kisa ni mchungu. Shaaban Robert alikuwa hai wiki ile, akiwa na vitabu vingi vya mashairi na nathari. Hakualikwa, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Akafariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Ngũgĩ mwenyewe aliandika mwaka 1986 kwamba mwanafunzi mwenye hadithi mbili tatu za Kiingereza alistahili kuingia ukumbini, ilhali gwiji wa Kiswahili hakustahili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kongamano litakupa nini, uliza liliitishwa kwa ajili ya nani. Orodha ya waalikwa na lugha ya mawasilisho hukueleza mapema kama kazi zitakazotoka humo zitakuwa za watu kama wewe.

Watu wa mbali

Utafiti wa kijamii unaunga mkono sehemu ya hoja ya wanaopenda makongamano. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1973 makala yaliyotokana na utafiti wake juu ya wataalamu waliokuwa wamebadili kazi karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Sababu yake inaeleweka: rafiki unayekaa naye chumba kimoja anajua yale unayoyajua wewe, bali mtu wa mbali anakuja na habari za kwingine. Kongamano ni mahali pa kukutana na watu wa mbali. Hata hivyo tukumbuke kwamba wale walikuwa watu wenye ujuzi wa kazi tayari, si wahitimu wapya. Mtu wa mbali hukutaja kwa mwenzake ikiwa ana jambo la kukukumbuka nalo.

Hali ya sasa

Mazingira yetu leo si yale ya 1952. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikifanya cha lazima katika madarasa mawili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi Februari 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, na maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani ya jumuiya yalifanyika hapa Kampala Julai 2023. Milango ni mingi, lakini haifunguliwi kwa ufunguo mmoja.

Anayetaka kufundisha katika shule ya serikali anahitaji usajili wa ualimu, tangazo la nafasi na usaili wa Tume ya Utumishi wa Elimu. Kwake kongamano ni nyongeza tu. Nauli ya kwenda Zanzibar haitamsogeza kwenye foleni. Afadhali aitumie kukamilisha nyaraka zake. Lakini anayetaka tafsiri, ukalimani, uhariri, uandishi wa vitabu vya kiada au kufundisha wageni, kazi hizo mara nyingi huanza kwa mtu kutajwa jina. Huyo ana sababu ya kwenda.

Hitimisho

Tuseme basi kwamba kongamano lina faida kwa mtafuta kazi kwa masharti. Aanze na lile lililo karibu. Kutoka Kansanga hadi Makerere ni safari ya taksi mbili. Asome mada na majina ya wawasilishaji kabla ya kulipa. Atume ikisiri, maana anayewasilisha hujulikana na ukumbi mzima, naye msikilizaji hujulikana na jirani yake wa kiti. Achukue kitu mkononi: sura ya tasnifu, tafsiri aliyoikamilisha, hadithi, orodha ya istilahi. Na akirudi, awaandikie wale aliokutana nao kabla wiki haijaisha.

Asiye na kitu cha kuonyesha mwaka huu asione haya kubaki. Akae aandike, ili kongamano lijalo limkute na mswada.