Daftari la Jikoni

Kwa karne nyingi jiko la Mswahili halikuwa na kitabu. Binti alijifunza kupika kwa kukaa karibu na mama au bibi yake, akikuna nazi, akichagua mchele, akitumwa kuleta hiki na kile, hadi siku alipoachiwa chungu peke yake. Vipimo vilikuwepo, tena vya kueleweka: kibaba, kisaga, ambacho ni vibaba 2, na pishi, ambayo ni vibaba 4. Lakini vipimo hivyo vilikuwa vya sokoni na ghalani zaidi kuliko vya chunguni. Chunguni walitawala jicho, pua na kidole: maji yapande juu ya mchele kiasi cha pingili moja, tui jepesi litangulie na tui zito lifuate, chumvi iwe ya kuonja. Mpishi hodari alisemwa kuwa ana mkono, na mkono huo haukuandikika.

Kwa hivyo, daftari la mapishi linapoonekana katika nyumba ya Pwani, swali la kwanza la kihistoria si nini kimeandikwa ndani yake, bali kwa nini limeandikwa kabisa. Mama na binti wakaao nyumba moja hawana haja ya kuandikiana namna ya kusonga bokoboko. Huandikiana watu wanaoachana: aolewaye mbali, asafiriye, auguaye na kujua kuwa siku zake zimekaribia. Mapishi yaliyoandikwa kwa mkono ni mtoto wa utengano, ndugu wa barua na wasia. Historia yake, hapa petu na kwengineko, inathibitisha hivyo.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amekwisha kufariki, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Haikupita miaka mingi naye akaaga dunia. Utendi unaanza kwa mama kumwita mwanawe aje karibu na kuleta wino na karatasi. Yafuatayo si mapishi. Ni mawaidha ya dini, adabu, usafi wa nyumba na kumtunza mume. Lakini hali ni ile ile: maradhi, mama, binti na karatasi. Lililoweza kusemwa kidogo kidogo kwa miaka ishirini, likahitaji kuandikwa kwa sababu miaka hiyo haikuwepo tena. Na utendi huo haukusalimika kwa kufungiwa sandukuni. Ulinakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa vifuani, ukatoka nyumba hadi nyumba, hata Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kwa ukamilifu mnamo 1934 ulikuwa tayari ni mali ya wengi.

Mwengine ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, na mwaka 1870 akabaki mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, alizianza kwa ajili ya watoto wake hao. Ndani yake limo karamu la kila siku la Mtoni: namna chakula kilivyoandaliwa, na namna watoto walivyokaa kwa kufuata umri wao mbele ya baba. Salme hakuandika mapishi. Aliandika sinia na watu walioizunguka, kwa ajili ya watoto ambao hawakupata kukaa penye sinia hiyo.

Safari nyengine inayozaa daftari ni harusi. Huko Marekani kuna kitabu maarufu cha mapishi ya mkono kinachohusishwa na Martha Washington, mke wa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Kina mapishi zaidi ya 500, nayo ni ya Uingereza ya karne ya 17, ya zamani kuliko Martha mwenyewe. Kilimfikia kupitia familia ya mume wake wa kwanza, Daniel Parke Custis. Mwaka 1799, mjukuu wake Nelly Custis alipoolewa, bibi alimkabidhi. Kikarithishwa ndani ya ukoo hadi mwaka 1892 kilipowekwa katika jumuiya ya historia ya Pennsylvania, na mwaka 1981 mwanahistoria Karen Hess akakichapisha pamoja na maelezo yake.

Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili ambao watu wa visiwani wana sababu ya kuuelewa upesi. Bibi Washington hakuwa akisimama mekoni. Mpishi mkuu wa nyumba yake alikuwa mtumwa aliyeitwa Hercules, aliyesifiwa sana kwa ustadi wake. Hercules alitoroka tarehe 22 Februari 1797, miaka miwili kamili kabla ya siku ya harusi ya Nelly. Daftari limebaki, alichokijua Hercules hakikuandikwa na mtu. Hali kadhalika katika majumba makubwa ya Mji Mkongwe, kabla ya amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja, mikono iliyopika haikuwa mikono iliyomiliki karatasi. Kila daftari la mapishi la nyumba kubwa, basi, lisomwe kwa uangalifu. Jina lililo juu ya jalada ni la mwandishi. Huenda ladha iliyomo ndani ni ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Hata hivyo, hakuna mfano unaoonyesha nguvu ya mapishi ya mkono kuliko ule wa Terezín, mji wa ngome katika nchi ambayo leo ni Ucheki. Kuanzia Novemba 1941 hadi Mei 1945 Wanazi waliugeuza mji huo kuwa mahali pa kuwafungia Mayahudi. Watu wapatao 140,000 walipelekwa huko. Karibu 33,000 walikufa pale pale kwa njaa na maradhi, na karibu 88,000 walisafirishwa kupelekwa Auschwitz na kwengineko, ambako wengi wao mno waliuawa.

Katika njaa hiyo, wanawake walizungumza mapishi. Usiku, juu ya vitanda vya mbao, walibishana juu ya keki: mayai mangapi, siagi kiasi gani, moto wa namna gani. Wenyewe waliita kupika kwa mdomo. Mina Pächter alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake waliandika makumi ya mapishi juu ya vipande vya karatasi, vikashonwa kwa mkono vikawa kijitabu. Mwaka 1944, akiwa mahututi, Mina alimkabidhi rafiki yake bahasha: humo mlikuwa na kijitabu hicho, barua, picha yake akiwa na mjukuu wake, na mashairi aliyoyatunga mwenyewe. Alimwomba amfikishie binti yake Anny, aliyekwisha kukimbilia Palestina. Anwani hakuwa nayo. Mina akafa.

Bahasha ilichukua robo karne kufika. Rafiki hakuwa na njia ya kuipeleka hadi mwaka 1960, jamaa yake mmoja alipokwenda Israel; na kufika huko, ikabainika kuwa Anny amehamia Marekani. Ikapokewa kwa mkono mmoja na kutolewa kwa mwengine, hata karibu na 1970 ndipo ilipomfikia mwenyewe mjini New York. Ikamchukua muda mrefu kuweza kuifungua na kuitazama. Mwaka 1996 mapishi hayo yalichapishwa, yakihaririwa na Cara De Silva.

Mpishi wa leo akiyafuata neno kwa neno atakwama. Mengine hayana kiungo kimoja muhimu, mengine yameruka hatua. Njaa ilikuwa imedhoofisha kumbukumbu za walioandika. Kwa hivyo wapo walioona kuwa si kitabu cha kupikia. Lakini hapo ndipo penye maana yake. Wanawake wale hawakuwa na unga wala siagi, na wengi wao walijua kuwa hawatarudi kwao. Walichokiandika ni ushahidi kwamba waliwahi kuwa na nyumba, meza na wageni, na kwamba walikuwa watu wenye kitu cha kuwapa watoto wao. Na jambo la kuzingatiwa ni kuwa katika bahasha moja mama aliweka mapishi na mashairi pamoja, bila kuona kuwa kimoja ni cha hadhi na kingine ni cha jikoni.

Pwani nayo ilipata utengano wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Unguja na Pemba zilitawanyika: Dar es Salaam, Mombasa, Ghuba, Uingereza. Baada ya Sultan Qaboos kutwaa madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo, wengi walihamia Muskat, wakenda na lugha yao na chakula chao. Hadi leo mkate wa kumimina na mandazi hupikwa katika nyumba za Muskat ambamo Kiswahili bado kinasemwa. Kilichokuwa kikifundishwa kwa kukaa pamoja, sasa kilihitaji barua, na baadaye simu: loweka mchele usiku kucha, usage na tui, tia hamira na iliki, uache uumuke; ukiona mapovu, basi. Lakini mapovu mangapi? Unguja mchele wa namna moja, Muskat wa namna nyengine. Nazi ya hapa hukunwa kwa mbuzi, ya kule imo koponi. Mwandishi alidhani anampa binti yake mapishi. Kumbe alikuwa anampa nusu ya mapishi, na nusu ya pili ni yeye mwenyewe.

Madaftari hayo yana tatizo jengine, la hati. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana mjini Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, na miongoni mwa masomo yake yalikuwemo ya kazi za nyumbani. Kadiri shule zilivyoenea, ndivyo mapishi yalivyoandikwa zaidi kwa herufi za Kirumi. Bibi waliotangulia, wale waliojua kuandika, waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika mtindo wa zamani wa hati hiyo, herufi ya "be" hubeba sauti za b, p na mb kwa pamoja, hata "bata", "pata" na "mbata" huweza kuandikwa sawasawa. Kwa msomaji aliyelelewa na lugha, hapana taabu. Akiona maneno yaliyo jirani atajua kama chunguni anaingia bata au mbata. Lakini mjukuu aliyekulia Muskat anazijua herufi asiijue lugha vyema, na mjukuu aliyekulia Unguja anaijua lugha ilhali mkono wa bibi yake unamtatiza. Ukurasa mmoja unahitaji wasomaji wawili, nao wako mbalimbali ya bahari.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya jikoni inaongeza kwamba daftari nalo hupotea. Mtu anapofariki, dhahabu hupimwa, nguo hugawanywa, shamba huitiwa kadhi. Daftari lenye madoa ya samli haliingii katika hesabu ya mirathi. Hubaki kabatini pamoja na risiti za zamani, mchwa wakalipata, au likatupwa nyumba inaposafishwa. Watafiti waliozunguka visiwani na mwambao kwa zaidi ya karne moja wakitafuta hati, walitafuta tenzi, nyaraka na habari za wafalme, na wamefanya kazi ya kushukuriwa. Waliokwenda kuuliza jikoni ni wachache.

Ukilinganisha mifano yote hiyo, jambo moja hujitokeza. Kilichosalimika ni kile kilichotolewa. Utendi wa Mwana Kupona ulinakiliwa na wengine. Kitabu cha akina Custis kilikabidhiwa mjukuu. Bahasha ya Mina ilipitia mikono ya watu ambao hawakuwahi hata kumwona. Ujuzi wa Hercules haukupata pa kupitia, ukaondoka naye.

Wapo wapishi wanaoificha siri ya mkono wao hata kwa wakwe zao, kwa hofu kuwa ikijulikana itapungua thamani. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa kwa wengi wao hiyo ndiyo mali pekee waliyoichuma. Lakini daftari ambalo mwenyewe yupo bado linaweza kuulizwa: kiganja hiki ni cha nani, "moto wa wastani" ni wa kuni au wa mkaa, halua hii ilipikwa kwa harusi gani, nani aliyekufundisha wewe, na yeye alifundishwa na nani. Majibu hayo yakiandikwa pembeni mwa ukurasa, pamoja na majina ya waliopika bila kuandika, mapishi yanakuwa kamili. Mwenyewe akishaondoka, kibaba kitabaki kibaba tu, na hakuna atakayejua kilijazwa kwa kupakuliwa au kwa kukatwa.